Filamu Nusu ya Mguu Wangu

Mume wangu Tamimu ni mtu mwadilifu. Nalisema hili mwanzoni kabisa, asije mtu akadai namsingizia. Miaka yote aliyopiga picha za mifupa katika kituo kimoja cha afya huku Kibondo, ambacho sitakitaja jina, hajawahi kuleta nyumbani hata pamba ya kituo. Watu wa vijijini walimletea kuku ili awapitishe mbele ya foleni, na kuku walirudi vijijini na wenyewe. Watu walimsifu kwa hilo, nami nilimsifu kuliko wote. Na huo uadilifu wake ndio ulionilemaza mguu wa kulia.

Tamimu ni mtoto wa Kasulu mjini. Baba yake alikuwa na duka la chumvi, sabuni na vitambaa karibu na msikiti, akataka mwanawe akae nyuma ya meza ile mpaka azeeke. Tamimu hakuwa na moyo wa kuuza. Mteja akisema bei ni kubwa, yeye alikubali kwamba ni kubwa. Mzee alichoka naye, akamruhusu aende kusomea kazi ya eksirei, naye akarudi baada ya miaka miwili na cheti kimoja na daftari moja lililolowana na mvua juu ya basi.

Mimi nilitoka Ujiji kuja kuolewa naye, na sifa yangu kubwa kwao ilikuwa mwandiko. Bwana harusi wa watu wengine huomba apikiwe wali. Wangu aliniomba nimnakilie daftari. Wiki tatu za mwanzo za ndoa yetu nilikaa mkekani na kalamu, yeye akilisoma daftari la zamani lililofifia wino, mimi nikiandika jipya. Nilijua majina ya mifupa kabla sijajua majina ya mawifi zangu.

Ukurasa wa mguu naukumbuka kama Alhamdu. Niliandika kwamba chini ya goti kuna mifupa miwili. Mmoja ni muundi, ule mnene unaobeba mwili, unaoupapasa kwa mbele. Kando yake, upande wa nje, kuna mfupa mwembamba ambao wenye miguu hawana habari nao. Halafu nikaandika kanuni, nikaipigia mstari kwa wino mwekundu: picha ya mguu ionyeshe goti na kifundo, viungio vyote viwili, na ipigwe pande mbili, mbele na ubavuni.

Nilimuuliza kwa nini apige mguu mzima wakati mgonjwa ameshaonyesha panapouma. Alichukua bangili yangu ya kioo, mojawapo ya zile za harusi, akaigonga kwenye kinu. Nilikasirika sana. Akaniwekea vipande mkononi, vilikuwa viwili. Akasema bangili haivunjiki mahali pamoja, ikiachia hapa lazima iwe imeachia na kule. Mifupa ile miwili imefungwa pamoja juu na imefungwa pamoja chini, kwa hiyo ni bangili ndefu. Ukiona kifundo kimeumia, mtafute mwenzake huko juu, hata kama mgonjwa anaapa kwamba juu hapaumi. Hilo alinifundisha mume wangu mwenyewe, kwa gharama ya bangili yangu.

Mwaka 2012 filamu zilianza kuadimika. Maboksi yaliyokuwa yakija kila mara yakawa yanakuja kwa kubahatisha, na ajali za pikipiki hazikusubiri maboksi. Tamimu alipata akili ya kukata. Aliingia chumba cha giza, akawasha ile taa nyekundu, akakata filamu moja katikati kwa mkasi, na kila kipande kikamtosha mgonjwa mmoja. Kwa kiwiko kipande kilitosha. Kwa kiganja kilitosha na kubaki. Kwa mguu hakikutosha, ila kingeweza kuonyesha goti au kuonyesha kifundo, uchague kimoja.

Mganga mfawidhi wa kituo, Bwana Gasper, alipenda mtindo ule akaufanya sheria. Filamu nzima ikawa haitolewi mpaka kwa kibali chake. Mei Mosi ya 2013 Tamimu akatangazwa mfanyakazi bora wa kituo, akapewa cheti na jozi ya mashuka yenye maua. Bwana Gasper alisimama akasema kwamba ndugu Tamimu amewahudumia watu wawili kwa kitu cha mtu mmoja, na watumishi wote wajifunze kwake. Nilipiga vigelegele mpaka sauti ikakauka. Mashuka yale tunayalalia mpaka leo.

Kazi yangu mimi ilikuwa vitenge. Nilibeba furushi kichwani nikazunguka magulio ya vijiji, leo huku, kesho kule, milima ya huku haihesabiki. Mwenzangu katika biashara alikuwa jirani yangu Pelagia, Muha wa hapahapa, ambaye anapanda mlima na furushi huku anaongea, bila kukatisha habari. Nilikuwa na miguu, niseme ukweli. Vijana wa bodaboda walikuwa wanatutania kwamba tunawaharibia kazi.

Tarehe kumi na nne Agosti, wiki moja baada ya Idd, tulikuwa tunatoka gulioni. Nikavuka mtaro uliochimbwa kando ya barabara, ukingo ukamomonyoka, mguu wa kulia ukabaki ndani ya udongo na mwili pamoja na furushi vikageukia upande wa pili. Nilisikia kitu kikilia ndani yangu. Pelagia alisimamisha pikipiki, akanipakia, akanishika kwa nyuma mpaka kituoni.

Foleni ya eksirei ilikuwa ndefu siku ile. Nilikaa kwenye benchi na wenzangu, kwa zamu yangu. Ilipofika nikaingizwa, nikalazwa mezani, na mume wangu akaniuliza kama anavyomuuliza kila mtu.

"Panauma wapi, Mama Firdausi?"

Nilimwonyesha kifundo, kilichokuwa kimevimba kama papai. Kisha nikamwonyesha na upande wa nje, chini kidogo ya goti, nikamwambia na hapa panachoma. Akapabonyeza kwa kidole gumba, nikapiga ukelele uliosikika mpaka kwenye benchi. Akasita. Nilimwona akisita, mkono uko palepale mguuni, macho yanatazama ukuta. Kisha akasema maumivu ya kifundo huwa yanapanda, akaingia chumba cha giza kutayarisha.

Nikiwa pale mezani nilisikia mkasi.

Hapa ndipo penye fungu langu la lawama, nami silikimbii. Kanuni ile niliiandika kwa mkono wangu, kwa wino mwekundu. Nilijua kipande kile hakitafika gotini. Ningeweza kumwita na kumwambia, Baba Firdausi, bangili. Sikusema. Mlango ulikuwa wazi nusu, watu wa benchi walikuwa wanatazama, nikataka waone kwamba mke wa Tamimu anapata wanachopata wao. Nilikuwa nimejisifia sana jambo hilo kisimani na sokoni, nikawa sina njia ya kurudi nyuma.

Picha ilitoka. Ikapelekwa kwa tabibu wa zamu, akaiinua dirishani, akasema mfupa haukuvunjika, kifundo kimeteguka tu. Nikafungwa bendeji, nikapewa vidonge, nikaambiwa nipumzike wiki tatu.

Wiki tatu zikawa miezi. Uvimbe ulipungua, lakini mguu haukurudi kuwa wangu. Kifundo kilicheza kama mguu wa meza uliolegea, na vidole vikawa vinaburuta chini, kandambili inanivuka kila hatua tatu. Kila alfajiri baada ya sala Tamimu alichemsha maji ya chumvi akanikanda. Alikuwa akinikanda kifundo tu. Mkono wake haukupanda juu hata siku moja, na mimi niliona hivyo, nikajifanya sioni. Nilipolalamika alisema subira. Pelagia akaanza kupita gulio peke yake, kwanza na vitenge vyangu, baadaye na vyake, na wateja wangu wakawa wateja wake. Simlaumu, mteja hamngoji kiwete.

Ikaja siku ya kupatwa kwa jua, Jumapili ya mwanzo ya Novemba. Redio ilikuwa imetangaza wiki nzima kwamba jioni jua litapatwa na watu wasilitazame kwa macho matupu. Huku kwetu kila mtu anajua dawa yake, ni filamu ya eksirei. Waliovunjika zamani wakawa na heshima siku hiyo. Waliokuwa hawajawahi kuvunjika wakaja kwa Tamimu, naye akaenda kituoni akarudi na bahasha ya picha ambazo wenyewe hawakuzifuata, akazigawa hapo uani kwa majirani.

Na mimi nikapokea yangu. Niliiinua, jua likaonekana limemegwa kama ugali alioanza kula mtu mwenye njaa. Watu wote walikuwa wanashangilia jua. Mimi nilianza kushangaa nilichoshika. Ilikuwa filamu kubwa, nzima, haijaguswa na mkasi. Juu kabisa palikuwa na goti. Chini kabisa palikuwa na kifundo. Katikati mifupa miwili, ule mnene na ule mwembamba, imenyooka kutoka juu mpaka chini bila hata mkwaruzo. Sikuwa nimewahi kuona mguu uliopigwa picha vizuri namna ile. Pembeni paliandikwa jina kwa mwandiko wa mume wangu, Esteri, na tarehe kumi na nne Agosti. Nikapekua bahasha. Ya pili ilikuwamo, jina lilelile, tarehe ileile, imepigwa ubavuni.

Esteri ni mama yake Bwana Gasper. Alikuwa amekuja kumtembelea mwanawe, akalalamika miguu ya uzee. Mpaka leo anatembea kwenda kanisani na kurudi.

Nilingoja majirani watawanyike na jua lirudi kamili, ingawa lilikuwa limebakiza kidogo lizame. Kisha nikamwekea mapajani zile filamu mbili.

"Hizi ni nzima, Baba Firdausi."

Akazitazama, akaniambia mfawidhi aliagiza.

"Siku moja hiyohiyo ulimpiga yeye mbili, ukanipiga mimi nusu."

"Ningekupiga nzima bila kibali, watu wangesema nini?" akasema. "Wangesema Tamimu ana filamu za mkewe."

Alisema hivyo kwa upole, kama mtu anayetoa hoja, nami nikaona kwamba anaiamini. Kukataa kuku wa maskini hakukumpa shida hata siku moja. Mwenye cheo alipotaka, alitoa mbili bila kuuliza, na ili roho yake itulie kwamba bado ni mwadilifu, akambana yule ambaye hatamshitaki. Mganga hajigangi, husema watu. Wangu angeweza kuniganga, ila aliogopa kuonekana.

Wiki ileile nilipanda basi peke yangu mpaka Kasulu, nikaenda Kabanga, hospitali ya misheni. Nililaza mguu mezani kwa watu nisiowajua. Walipiga goti na kifundo, mbele na ubavuni, na hakuna aliyeniuliza mimi ni mke wa nani. Daktari alinionyesha kwenye kioo chenye taa. Chini ya goti, palepale nilipopigia ukelele, mfupa mwembamba ulikuwa umevunjika ukajiunga wenyewe kombo. Huko chini kifundoni mifupa miwili ilikuwa imeachana, pamebaki upenyo. Akanieleza kwamba nguvu iliyopinda kifundo ilipanda katikati ya mifupa ikatokea juu, na ilipotokea ilijeruhi mshipa wa fahamu unaonyanyua vidole. Nilimwambia, kama bangili. Akanitazama, akasema ndiyo, kama bangili.

Nikauliza kama ingewezekana kutibika. Akasema ningefika wiki ya kwanza wangekaza kifundo kwa skrubu na ningetembea. Sasa kiungio kimeshasagika. Naweza kwenda Mwanza wakakigandisha kisicheze tena, maumivu yapungue, lakini mguu wa kupanda milima nisiutarajie tena.

Nilirudi na majibu, nikamwekea Tamimu mezani. Alizitazama picha zile, akazirudisha kwenye bahasha kwa adabu, zisikwaruzike. Kisha akasema ni kudra ya Mwenyezi Mungu.

Ningesamehe mguu, wallahi. Nilikuwa na fungu langu katika mguu ule na nilikuwa tayari kusema hivyo. Kitu nilichokitaka kwake kilikuwa neno moja tu, aseme alijua. Aseme kidole gumba chake kilipopabonyeza pale kilijua, na akaenda kuuchukua mkasi. Nilimngoja aseme mwaka mzima wa 2014 na hakusema. Alinunua kiatu cha kamba ili kisinivuke. Alichota maji mwenyewe, jambo ambalo wanaume wa mtaa wetu hawafanyi, majirani wakanipongeza kwa kupata mume. Kila nilipogusia, ilikuwa kudra. Nikamwachia Mungu lawama ambayo haikuwa yake, nikahamia kulala chumba cha mtoto wetu Firdausi, aliyekuwa shule ya bweni.

Bwana Gasper akahamishwa, filamu zikaanza kuja tena, na mwanzoni mwa 2015 akaletwa mtaalamu mpya wa eksirei kutoka Moshi, dada mmoja anaitwa Herieth. Siku ya kwanza alikuta mkasi unaning'inia chumba cha giza, akauliza ni wa nini. Akaambiwa. Akautoa nje akawapa watu wa usafi wakatie nyasi. Habari hiyo nililetewa na Pelagia, nikacheka peke yangu jikoni kwa muda ambao haukuwa wa kawaida.

Mwezi wa tatu mvua zikiwa zimekolea, Tamimu alikuwa anarudi kutoka Kasulu kumtazama mama yake. Pikipiki aliyopanda iliteleza kwenye tope karibu na mji, ikamwangukia mguu. Wa kulia. Nilipofika kituoni nilimkuta amelazwa kwenye meza yake mwenyewe, suruali imechanwa mpaka gotini, mguu umevimba na kuwa mweusi. Jasho lilikuwa linamtoka. Hakuwa anajifanya, aliamini umevunjika, na mtu anayejua mifupa huogopa kuliko sisi.

Herieth alikuwa anatayarisha kaseti kubwa, lile bamba linalowekwa filamu ndani. Tamimu akanyoosha mkono.

"Dada Herieth, weka ndogo. Piga kifundo tu, inatosha."

Herieth alidhani maumivu yamempanda kichwani. Mimi nilimwelewa papo hapo. Alitaka kulipa. Alitaka mguu wake uende ulikokwenda wangu ili tulingane na asiwe na la kusema. Hasira iliyonipanda sikuwahi kuipata hata siku ya jua. Mwaka na nusu nangoja neno, yeye ananiletea mfupa.

"Mpige nzima, dada yangu," nikamwambia Herieth. "Goti na kifundo, mbele na ubavuni. Nyumba yetu haina nafasi ya viwete wawili." Kisha nikamgeukia yeye, nikamwita kwa jina lake, jambo ambalo sikuwahi kulifanya mbele ya mtu. "Tamimu, sikukuomba mguu. Mguu wako utanichotea maji mimi?"

Akafumba macho. Herieth alisimama na kaseti yake kifuani, hajui aende wapi.

"Nilijua," Tamimu akasema. "Nilipopabonyeza nilijua, Swaumu. Nilisikia mfupa ukicheza chini ya kidole. Nikafikiria wale wa kwenye benchi."

Akalia. Nilikuwa nimejiandaa kwa neno lile muda mrefu, nimeshalipangia jibu, nimeshapanga hata nitakavyomshika mkono. Lilipokuja nilijikuta natazama saa ya ukutani. Nilimshika mkono hata hivyo, kwa sababu anaumwa, na kwa sababu Herieth alikuwa pale. Akapiga picha zake mbili, akaingia chumba cha giza.

Tulingoja. Nilimwona jinsi alivyotulia, uso umelainika kama mtu aliyetua furushi, na mguu wake mbovu mbele yake ni ushahidi. Nadhani alishauona ule mwaka utakaofuata, sisi wawili tunachechemea pamoja, tumesameheana.

Herieth alitoka na filamu bado zinachuruzika maji. Akaziinua dirishani, moja baada ya nyingine, akafuata kwa kidole kutoka gotini mpaka kifundoni, akarudia. Mifupa miwili ilikuwa imenyooka, ule mnene na ule mwembamba, bila hata ufa wa unywele.

"Mzima kabisa, kaka," akasema. "Ni nyama tu imepondeka. Wiki moja utakuwa unakimbia."

Hakumwandikia hata bendeji. Tamimu alishuka mezani taratibu, akajaribu mguu, ukambeba. Tukatoka nje, mvua imekatika, barabara ni tope tupu. Alitangulia kama alivyozoea, hatua zake zikawa zinarefuka kadiri maumivu yalivyompungua, mpaka akafika kwenye kona ya dukani. Hapo akakumbuka, akasimama kunisubiri.